Cha juu cha tairi nusura kimuue mjomba!

Mpenzi msomaji, leo sina kisa cha mapenzi wala cha mama mwenye nyumba. Leo naanika aibu yangu mwenyewe. Nilimwomba mjomba ruhusa kabla ya kuandika, akacheka, akasema: "Andika. Ila usije ukajifanya wewe ndiye staa wa picha." Basi nitajitahidi.

Mjomba wangu ana gari. Najua utasema, nani hapa Dar hana mjomba mwenye gari? Subiri kwanza. Gari la mjomba ni Datsun 240Z. Milango miwili, viti viwili tu, boneti refu kama limeazimwa kwenye gari jingine, rangi ya chungwa. Chini ya boneti kuna injini ya lita 2.4 yenye silinda sita zilizojipanga mstari mmoja kama wanafunzi asubuhi. Likiwashwa, kuku wa jirani wanahama.

Wewe uliyezoea Vitz na IST unaweza kudhani ni bati la kuuzwa kwa kilo. Taratibu, mwana. Gari hilo lilitengenezwa Japani kati ya 1969 na 1973, na ndilo lililowatoa jasho wenye Porsche zao kwenye Safari Rally. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na msoma ramani wake Hans Schüller walishinda nalo. Mwaka 1973 akaja Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyehamia Kenya, akiwa na Lofty Drews. Siku hiyo Mehta alimaliza na pointi sawasawa na Harry Källström, naye wa Datsun, ikabidi iangaliwe nani alikaa muda mrefu zaidi bila kuadhibiwa. Mehta akachukua. Baadaye akaja kushinda tena mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, akiwa na Datsun za aina nyingine.

Mwaka 1971 mjomba alikuwa na miaka 14. Anasema alisikiliza habari hizo redioni akaapa: siku moja. Siku hiyo ilifika 1983, alipokuwa anafanya kazi bandarini. Bwana mmoja alikuwa anahama nchi, akamuuzia Datsun yake. Tangu hapo mjomba amejenga, amesomesha, ameuguza, amezika, na gari halikuuzwa.

Mwaka juzi macho yakaanza kumsumbua. Mtoto wa jicho, yote mawili. Gari likalala chini ya turubai, matairi yakawa vipara. Mwaka jana akafanyiwa upasuaji, akaruhusiwa kuendesha tena. Siku aliyovua miwani myeusi, akaniita.

"Mpwa wangu, unaona binamu yako anaolewa Bagamoyo mwezi ujao? Nataka niende na gari langu. Macho bado sitaki kuyapeleka kwenye vumbi la Gerezani. Nenda wewe."

Akanihesabia laki nane. Akanipa na karatasi aliyoandika kwa herufi kubwa: 175 HR 14. Akasema: "Manne. Na usiniletee ya Hiace."

Hapo ndipo shetani wangu alipoamka.

Msomaji, kwa wasiojua, karatasi ile ilikuwa inasema hivi. 175 ni upana wa tairi kwa milimita. H ni uwezo wa mwendo, hadi kilomita 210 kwa saa. R ni muundo wa rediali, yaani nyuzi za ndani zinakatiza moja kwa moja kutoka ubavu hadi ubavu. 14 ni inchi za rimu. Rahisi kuandika, lakini kulipata! Gari la zamani ni kama bibi anayetaka kanga ya toleo alilozoea: duka limejaa kanga, yake haipo.

Nilianza Gerezani, nikamalizia Ilala, Mtaa wa Shaurimoyo. Kila duka wananichomolea tairi lililoandikwa 175R14C. "Si hii hapa, bro? Saizi ile ile." Ile C ya mwisho ndiyo iliyokuwa Hiace ya mjomba. Maana yake ni tairi la gari la mizigo. Nikakataa, si kwa ujuzi, ni kwa kuogopa kurushiwa kiatu.

Siku ya tatu, duka moja la vipuri, muuzaji akaniambia ngoja. Akapanda ngazi hadi rafu ya juu kabisa. Akashusha matairi manne yana vumbi la kupanda mchicha. Akapangusa. Mama yangu! 175 HR 14, neno kwa neno. Kashata zote zipo, nzima, vile vinywele vya mpira vya kiwandani bado vimesimama. Hayajawahi kugusa barabara. "Mpya hizi," akasema, "ila saizi haina wateja. Chukua zote kwa laki tatu na sitini."

Nikapiga hesabu haraka kuliko kalkuleta. Laki nane toa laki tatu na sitini. Muuzaji akanisoma usoni, akachukua kalamu: "Nikuandikie ngapi?"

Ndugu yangu, swali hilo limeua watu wengi nchi hii. Nikajibu: "Andika laki nane kasoro elfu kumi." Ile elfu kumi niliiacha makusudi, ili nimrudishie mjomba chenji nionekane mwaminifu. Unaona ujanja wa mjini?

Nikapeleka matairi kwa fundi wetu wa mtaani, Magomeni. Fundi yule hajasoma sana lakini tairi anazijua kama shehe anavyojua msahafu. Akalizungusha moja, akainama, akasoma ubavuni.

"Dogo, umeangalia tarehe?"

"Tairi ina tarehe? Kwani maziwa?"

Akanionyesha. Ubavuni mwa tairi kuna herufi DOT, halafu msururu wa alama. Mwishoni kuna tarakimu. Tairi lililotengenezwa kuanzia mwaka 2000 lina tarakimu nne: mbili za wiki, mbili za mwaka. Ukikuta 1523, ni wiki ya 15 ya 2023. Tairi zangu zilikuwa na tarakimu tatu tu: 388.

"Tarakimu tatu ni kabla ya 2000," fundi akasema. "Hii ni wiki ya 38 ya mwaka unaoishia na nane. 1998 au 1988, chagua mwenyewe."

Jamani! Tairi lilikuwa limenizidi umri. Kwa adabu ya Kiswahili nilitakiwa kuliamkia shikamoo. Fundi akakunja mpira kwa dole gumba, zikatokea nyufa ndogondogo kama za kisigino cha mtu asiyepaka mafuta. Akasema mpira unazeeka hata ukikaa dukani, hewa na joto vinaula polepole. Kashata hazipungui, lakini ndani umekauka. "Rudisha, dogo. Hizi ni maiti zilizovishwa suti."

Nirudishe? Wakati huo cha juu changu, laki nne na elfu thelathini, kilikuwa kimeshapata matumizi. Simu ilikuwa mfukoni mwangu, raba nyeupe mguuni, na mtoto mmoja wa Kinondoni alikuwa ameahidiwa jioni ya Coco Beach. Nikamwambia fundi: "Funga tu, mzee ataenda nazo taratibu."

Fundi akaniangalia kwa muda. Akafunga. Hela yake hakuihesabu, aliitupia kwenye kopo bila kuniaga.

Wiki tatu hakikutokea kitu. Mjomba aliendesha hadi sokoni, msikitini, hadi kwa rafiki zake wa bao, watoto wanakimbia nyuma. Alinishika bega mbele ya wazee wenzake akasema: "Huyu ndiye aliyenitafutia matairi. Kijana mwaminifu, karudisha hadi chenji." Wazee wakaniombea dua. Nikaitikia amina huku koo limekauka.

Siku ya harusi tukaondoka saa tano asubuhi, mjomba kanzu nyeupe, koti, kofia ya mkono, mimi pembeni na raba zangu. Tukapita Tegeta, tukapita Boko, jua la kupasua mawe. Baada ya Bunju barabara ikafunguka, mshale ukasoma 90. Mjomba alikuwa anatabasamu peke yake kama mtu aliyerudi ujanani.

Kabla ya Mapinga kiti changu kikaanza kutetemeka.

"Mpwa, unasikia?"

"Labda balansi, mjomba."

Nilijua si balansi. Nilifungua mdomo nimwambie asimame, halafu nikafikiria atauliza kwa nini. Nikafumba.

Ikalia paa! kama bunduki. Tairi la nyuma kushoto lilichubuka ganda lote la juu kama ndizi, likaanza kupiga madigadi kwa ndani, na upepo ukaisha hapo hapo. Gari likakata kiuno kama mcheza mdundiko. Mbele yetu linakuja lori la mchanga, linapiga honi. Mimi nilifumba macho, sikufichi. Mjomba hakugusa breki. Aliachia mafuta, akashika usukani kwa mikono miwili, akalipeleka gari lilikotaka kwenda kisha akalirudisha. Lori likapita. Sisi tukazunguka mzima, tukaingia mchangani, tukasimama hatua chache kutoka kwenye mkorosho.

Kimya. Halafu nikasikia mjomba anasoma shahada.

Kifundo cha mkono wake kilikuwa kimeteguka. Madigadi imekunjika kama karatasi. Mimi sikuwa na hata mchubuko, raba zangu hazikupata vumbi. Watu wakajaa, unawajua watu wetu. Mmoja akasema kwa sauti: "Mzee alilala!" Mwingine: "Gari la vijana, mzee anatafuta nini humu?" Mjomba aliwasikia. Hakujibu. Aliiokota kofia yake mchangani, akaipangusa, akaiweka kichwani.

Tulifika harusini kwa daladala.

Jioni ile nyumbani alisema maneno ambayo sitayasahau. "Mwenyezi Mungu kanionya. Macho haya yamekarabatiwa, si mapya. Nimeshindwa kuona kitu barabarani, nikakikanyaga. Ningekuua, mtoto wa dada yangu. Gari naliuza, na sishiki tena usukani." Akaniomba msamaha. Yeye akaniomba msamaha mimi!

Mnunuzi alipatikana siku ya nne, akaahidi kuja Jumamosi na pesa taslimu. Alhamisi nililichukua lile tairi lililochanika nikampelekea fundi. Akalikata kwa kisu. Ndani ya rediali kuna mikanda ya waya, na mpira ndio unaoigandisha. Mpira ule ulikuwa umekauka hadi unamumunyuka kama chaki. Mikanda iliachana ilipopata moto wa lami, basi. Hapakuwa na msumari, shimo wala jiwe. Fundi akasema: "Mzee hakukanyaga kitu. Na kama si yeye kuacha breki, ningekuwa nimekula pilau ya arobaini yako."

Ijumaa baada ya magharibi nikaenda. Shikamoo, marahaba. Nikaweka kipande cha tairi mezani, nikaweka simu, nikaweka raba. Nikasema yote: tarakimu tatu, fundi alivyonionya, risiti ya kuandikwa, Coco Beach. Nilitegemea kofi. Nilikuwa nimeshakaza shavu.

Mjomba alikaa kimya, kidole chake kinapapasa nyufa za ule mpira. Mwishowe akauliza: "Kwa hiyo si macho yangu?"

"Si macho yako, mjomba."

"Rudia."

"Macho yako ni mazima, mjomba. Ni mimi."

Akashusha pumzi ndefu, machozi yakamlenga. Hapo ndipo nilipojiona mdudu. Mzee mzima alikuwa amebeba kosa langu siku nane, ameshalikatia tamaa gari lake na yeye mwenyewe, na mimi nilikuwa napiga picha za simu mpya.

Kisha hasira ikaja, usidhani haikuja. "Laki nne na elfu thelathini," akasema polepole. "Ndiyo bei uliyoniwekea?" Sikuwa na jibu, na sasa pia sina.

Jumamosi mnunuzi aliambiwa gari haliuzwi. Jumatatu mjomba akaniamuru: "Twende wote. Leo utajifunza kununua tairi." Nakuletea somo hilo, msomaji, na wewe wa Vitz linakuhusu vilevile.

Kwanza tulizipitia njia zilizokuwepo, moja moja, mjomba anauliza, fundi anajibu. Ile 175R14C ya Hiace: uwezo wake wa mzigo huwa namba 99, kilo 775 kwa tairi moja. Datsun nzima ni kama tani moja tu. Ubavu ule mgumu utalifanya gari liruke kama mbuzi, na herufi yake ya mwendo mara nyingi iko chini sana ya H. Hapana.

Ya pili, kuagiza Ulaya. Michelin wamekuwa wakitengeneza upya tairi lao la zamani, XAS, katika saizi ile ile ya 175 HR 14, kwa ajili ya magari kama haya. Ndilo hasa lenyewe. Lakini tulipojumlisha usafiri na ushuru, tairi moja lilikuwa linazidi bei ya manne ya hapa. Mjomba akatikisa kichwa: "Nina mke na bili ya maji."

Ya tatu, 195/70 R14. Hapa kuna hesabu kidogo. Saizi za zamani zisizo na mkwaju, kama 175 R14, ubavu wake ni kama asilimia 82 ya upana, kwa hiyo tairi zima lina kimo cha sentimita 64 hivi. Lile la 195/70 lina karibu 63, safi. Tatizo ni rimu. Rimu za chuma za gari la mjomba zina upana wa inchi 4.5, na tairi hilo linataka kuanzia inchi 5. Tairi pana kwenye rimu nyembamba linabanwa miguuni, tumbo linatoka nje, kwenye kona linayumba kama mlevi. Vijana wengi wanapenda tairi pana kwa kuuza sura. Mjomba hakuwa na sura ya kuuza.

Tukabaki na 185/70 R14 88H. Linakaa kwenye rimu ya 4.5. Namba 88 ni kilo 560 kwa kila tairi, inatosha na kubaki. H ni ile ile ya kwenye kitabu. Kasoro yake ni fupi kidogo, sentimita 61 na nusu, kwa hiyo gari linashuka kama sentimita moja na nusu, na spidomita inakudanganya: ikisoma 90, mwendo halisi ni kama 86. "Uongo wa namna hiyo nausamehe," mjomba akasema, akiniangalia.

Kisha akavaa miwani yake ya kusomea, akachuchumaa, akasoma tarehe za matairi yote matano moja baada ya jingine, la spea likiwemo. Yote ya miezi michache tu. Yote kashata ya aina moja, kwa sababu gari jepesi lenye nguvu nyuma halitaki miguu isiyofanana. Akadai vali mpya. Akakagua kutu kwenye rimu. Upepo akataka 28, upimwe tairi likiwa baridi, si baada ya kuendesha. Muuzaji akachukua kalamu ya risiti. Mjomba akamwambia: "Andika bei ile ile utakayopokea." Muuzaji akacheka. Mimi sikucheka.

Chonde chonde, vijana wenzangu. Tairi usilinunue kwa macho ya kashata peke yake. Inama, tafuta tarehe. Likiwa na tarakimu tatu, kimbia hata kama limefungwa kwenye nailoni. Kampuni kubwa za tairi zinashauri likishafika miaka mitano likaguliwe na fundi kila mwaka, na likifika kumi litolewe hata kama kashata zimejaa. Hiyo ni kwa mpya. La mtumba ndiyo kabisa, hujui lilikotoka lilipigwa jua kiasi gani. Na kama umetumwa na mtu, kumbuka chenji ya tairi inahesabiwa barabarani, si dukani.

Mwezi uliopita tulikwenda tena Bagamoyo kumwona binamu, ambaye sasa ana tumbo la miezi. Mjomba aliendesha. Pale kabla ya Mapinga alipunguza mwendo, akauangalia ule mkorosho, akaupigia honi mara moja. Halafu akaongeza mafuta.

Deni langu alilikata laki nane kamili, maana alisema yale hayakuwa matairi. Simu iliuzwa, raba ziliuzwa, na yule wa Kinondoni aliondoka zilipoondoka raba. Nimeshalipa laki tano na nusu. Malipo ya makala hii yanakwenda huko huko, na mjomba ameniambia nimpelekee risiti.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.